Asijisumbue na Matuta

Tangu Pasaka mnaniuliza kwenye grupu, "Vipi Sumbawanga?", na mkishauliza mnabandika picha ya ungo wa wachawi na sura za kucheka. Nimekaa kimya mkadhani nina makuu. Sina makuu, nina hasira. Leo nawaandikia yote kwa mara moja, mkisoma msome mpaka mwisho, na asiniletee mtu tena habari za ungo.

Gaudensia mnamkumbuka. Yule fundi wa maabara yetu ya chuo hapa Morogoro, mrefu, mweusi, aliyekuwa akicheka mpaka anakaa chini. Pasaka ya mwaka jana alikwenda likizo kwao Ufipa, huko Sumbawanga, akarudi na uyoga mmoja ndani ya bahasha. Ulikuwa na umbo la kikombe, mdogo, nje kahawia wenye magamba, ndani zambarau iliyokolea. Aliuchuma kwenye tuta la shamba la mama yake. Tulipouweka chini ya hadubini tukakuta ni mchanga mno. Vile vifuko vinavyobeba spora, ambazo ndizo mbegu zake, vilikuwa vitupu. Tukapeleka kipande kikasomwe vinasaba, na majibu yaliporudi hayakufanana na ya uyoga wowote unaojulikana. Gaudensia alipiga kigelegele palepale, katikati ya chupa.

Ila kazi yetu hii ina roho mbaya. Uyoga mmoja mchanga hautoshi kutangaza aina mpya. Lazima upate mwingine uliokomaa, upime spora zake, uchore, na vinasaba vyake vilingane na vya ule wa kwanza. Tulipanga twende pamoja msimu unaofuata. Agosti akaugua, na kabla hatujaelewa anaumwa nini akafariki. Mama yake alipokuja kuchukua mwili nilimshika mikono pale nje ya mochwari nikamwahidi kwamba uyoga ule utaitwa kwa jina la mwanawe. Jina lenyewe lilikuwa tayari la Kilatini, mapadri walishamaliza kazi hiyo siku ya ubatizo. Maana yake ni mwenye furaha. Basi hicho ndicho kilichonipeleka Sumbawanga, si kingine.

Morogoro hadi Mbeya

Kwenye basi nilikaa na baba mmoja mfanyabiashara wa vitenge, anakwenda Tunduma. Mtu mwema, ila mdomo hauna kufuli. Hatujafika hata Mikumi ameshaniuliza ninakokwenda. Nikasema Sumbawanga. Akavuta miguu yake kidogo upande wa dirishani.

"Unafuata nini huko, mama?"

"Uyoga. Uyoga wa kikombe."

"Kombe?" Akashangaa. "Kombe si hata hapo Morogoro mashehe wapo, wanakuandikia, unakunywa?"

"Si kombe, baba. Kikombe. Kikombe cha chai."

"Ahaa, kikombe!" Sura ikamkunjuka. "Kumbe na Sumbawanga kuna mtu anatoa kikombe? Kinatibu nini?"

Nilimweleza, jamani. Nilimweleza habari za spora, na vifuko, na jinsi uyoga wa namna ile unavyotofautiana na ule wenye mwavuli, mpaka mate yakanikauka. Akawa anaitikia "eeh, eeh", na mimi nikaamini tumeelewana. Tulipofika mlima Kitonga lori lilikuwa limelala barabarani, magari yamefungana juu na chini, tukashuka wote kutafuna mahindi ya kuchoma. Ndipo mama mmoja wa viti vya nyuma akanijia, akanivuta kando, akapandisha gauni akanionyesha goti lake lililovimba. Akasema amesikia nafuata kikombe, na kama nikifanikiwa nimbebee hata kwenye chupa ya maji. Yule baba wa vitenge alikuwa nyuma yake ananitazama kwa heshima kubwa.

Namba ya simu ya yule mama ninayo mpaka leo. Alinipigia mara mbili, ya pili sikupokea.

Mbeya, Tunduma, Laela

Tulifika Mbeya nimechoka sijielewi, nikalala gesti yenye muziki ukutani. Asubuhi nikapanda basi la Sumbawanga, na Tunduma malori ya mpakani yakatubana mpaka dereva akazima gari akashuka kunywa chai. Abiria wakawa wanalalamika, mimi nikawa natazama mawingu. Mvua ndiyo niliyokuwa naihesabia. Uyoga wa namna ile hukomaa haraka na kuoza haraka, na kila saa niliyokaa Tunduma niliiona inaniibia kitu.

Laela tukashuka kula. Wali na maharage, na maharage ya Ufipa hayana mpinzani, hilo nawapa bila kinyongo. Mama aliyetupakulia alikuwa na uyoga mkavu kwenye beseni, anauza. Nikauinua mmoja mmoja nikiugeuza, mazoea tu.

"Dada, unanunua au unaukagua?"

"Naangalia tu. Mimi natafuta uyoga wa aina nyingine, si wa kula."

"Wa nini sasa, kama si wa kula?"

"Wa kuangalia."

Akacheka sana, akamwita mwenzake jikoni aje asikie. "Mjini mna kazi nzuri," akasema, akaniongezea maharage bila kuombwa.

Baada ya Laela nyasi zinafunguka, upepo unaingia hata dirisha likiwa limefungwa, na baridi yake ukiwa umetoka Morogoro na blauzi nyepesi unajuta. Hapo ndipo nilipoanza kuyaona matuta. Si matuta marefu kama yetu. Ni ya duara, yamejaa shamba zima, Wafipa wanayaita ntumba. Mvua zikikaribia mwisho wanakata nyasi, wanazilaza, wanazifunika kwa udongo ili zioze humo ndani, juu wanapanda maharage. Mvua za mwaka unaofuata wanayabomoa, wanatandaza ule udongo mweusi, wanapanda ulezi au mahindi. Uyoga wa Gaudensia ulikuwa unaota ubavuni mwa tuta jipya, upande wa kivuli, nyasi zikiwa zinaoza kwa kasi chini yake. Nilibandika uso kwenye kioo nikasema, "Gau, nimefika."

Chanji

Mwenyeji wangu alikuwa Ambakisye, Mnyakyusa wa Tukuyu, afisa kilimo, amekaa Rukwa mpaka anakosea Kinyakyusa. Ni rafiki wa familia ya Gaudensia, na yeye ndiye aliyekuwa akinifikishia ujumbe kwa mama, maana mama simu yake anaiwasha Jumapili tu. Alinipokea nyumbani kwake Chanji, hapohapo Sumbawanga mjini, kwa ugali na migebuka ya ziwani, samaki mtamu, nikala nikasahau basi.

"Ujumbe wangu kwa mama ulifika?" nikamuuliza.

"Ulifika, dada. Kila kitu kiko tayari."

Nilifurahi! Mwenzenu nilifurahi kama mjinga. Wala sikuuliza kipi kiko tayari. Ujumbe wenyewe niliuandika kwa mkono wangu, bado uko kwenye simu: "Naomba umwambie mama asijisumbue na matuta, ayaache kama yalivyo mpaka nifike." Hebu usomeni tena. Kuna mtu haelewi hapo?

Mvua ikanifungia Chanji. Barabara ya kijijini, Ambakisye akasema, kwa pikipiki haipitiki mpaka ikauke. Siku ikaisha, nyingine ikaisha. Mimi nazunguka sebuleni, yeye ananiambia tulia dada, haraka ya nini, shamba halikimbii. Alikuwa na tabia ya kusema hivyo huku anachokoa meno. Nilitamani kumpiga na kijiti chake.

Matai, halafu kijijini

Kulipokucha bila mvua tukaondoka. Matai tulisimama kunywa chai na maandazi, kisha tukaacha njia ya Kasanga tukaingia ya udongo. Tulianguka mara moja, taratibu, kwenye tope. Nililinda begi la hadubini kwa kifua changu, goti likachubuka, na sikujali hata kidogo.

Mama Gaudensia alikuwa amesimama uani amevaa kitenge cha sare ya kanisani, siku ya kazi. Nyuma yake wanawake wa jumuiya, wamependeza, wameosha miguu. Ua umefagiliwa mpaka alama za ufagio zinaonekana. Ningepaswa kushtuka pale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, mwalimu. Pole na njia." Akanikumbatia, akalia kidogo, nami nikalia. Halafu akajifuta, akasema kwa furaha, "Twende kwanza ukaone, chakula baadaye. Tusikuchoshe, tunajua umefuata kazi."

Tukaenda kwa msafara. Tulipopanda kilima cha nyuma ya nyumba nikaliona shamba. Kila tuta lilikuwa limepaliwa, halina hata jani moja lisilo la maharage. Ubavu wake umesiribwa kwa udongo mpya na kulainishwa kwa viganja, tuta baada ya tuta, yanang'aa. Katika maisha yangu sijaona shamba safi kama lile.

"Mama," nikasema, "vile vikombe vya zambarau viko wapi?"

"Vile vichafu?" Akacheka. "Tumevitoa vyote! Mwaka huu vilikuwa vingi, mwalimu, havijawahi kuota namna ile. Vikubwa, vimefunguka. Wenzangu hawa wameinama hapa tangu juzi. Tulisema mwalimu wake Gaudensia asije akakuta shamba la mama yake limejaa uchafu."

Vikubwa, vimefunguka. Maana yake vilikuwa vimekomaa. Maana yake siku zile nazunguka sebuleni Chanji, vilikuwa vimesimama pale vimejaa spora.

Nilimgeukia Ambakisye. Nilisahau wageni, nilisahau msiba, nilisahau adabu. "Nilikuandikia asijisumbue! Nilikuandikia aache kama yalivyo!"

Naye akashangaa kwelikweli, nataka mjue hilo, hakuwa na ubaya wowote usoni. "Ndiyo, dada, nikamwambia. Nikamwambia mwalimu anasema usijisumbue. Sasa dada, wewe mtu akikwambia anakuja kwako, usijisumbue, unakaa tu? Si ndiyo anakwambia ujiandae?"

Wale wanawake wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akasema, "Mgeni muungwana lazima aseme hivyo." Na kweli, hata mimi, wageni wangu wakiniambia nisijisumbue, nachinja kuku.

"Mlivitupa wapi?" nikauliza.

"Humohumo," mama akasema. "Takataka zote za shamba tunafukia ndani ya tuta, ndiyo mbolea."

Nikapiga magoti. Nilichimba lile tuta kwa mikono, maharage na yote, mbele yao wote. Ndani kulikuwa na joto, na nyasi, na ute mweusi uliochanganyika na kila kilichooza humo. Nikalichimba la pili. Hakuna kikombe, hakuna kipande, hakuna kitu unachoweza kukiweka chini ya kioo ukakiita jina. Nilipoinua uso mama alikuwa ameshika kinywa kwa kitenge, anatazama kazi yake nilivyoibomoa. Hakuna aliyemweleza, alielewa mwenyewe.

"Nimemfukia mwanangu," akasema kwa sauti ndogo.

Nilitamani ardhi inimeze mimi.

Samadi ya jirani

Alasiri yote tulitafuta. Wanawake wa jumuiya na sare zao walitawanyika kwenye mashamba ya watu, wameinama, wanaitana kwa Kifipa kutoka tuta hadi tuta. Jua likiwa linaelekea kushuka mmoja akapiga yowe. Nyuma ya zizi la jirani, mahali samadi imemwagikia ubavu wa tuta, palikuwa na vikombe vitatu. Nje kahawia. Ndani zambarau.

Nilikata kipande chembamba. Nikafungua hadubini yangu ya safari juu ya kinu kilichopinduliwa, nikadondosha ayodini. Ncha za vifuko zikageuka buluu, kama zilivyofanya kwenye uyoga wa Gaudensia. Na ndani ya kila kifuko, spora nane zimejipanga, zimekomaa, nzuri mno. Kwa umbo sikuona tofauti. Tatizo ni kwamba ule wa kwanza haukuwa na spora, kwa hiyo sikuwa na za kulinganisha nazo. Hilo nililijua. Nililijua vizuri tu, ningemfokea mwanafunzi yeyote aliyelisahau.

"Ndiyo wenyewe?" mama akauliza.

Nilisema, "Unafanana sana, mama. Tusubiri vinasaba."

Yeye hakusikia mpaka neno la mwisho. Alisikia la kwanza, akaanguka magoti, wanawake wakapiga vigelegele, wimbo ukaanza. Kuku akachinjwa. Usiku ule nilikula nyama na ugali wa ulezi nimezungukwa na watu wanaotaja jina la Gaudensia kwa furaha, na mama akaniomba nimwandikie kwenye kipande cha karatasi jinsi jina litakavyoonekana kwa Kilatini. Nikaandika. Akalikunja akaliweka ndani ya kitabu cha sala.

Mngefanya nini nyie? Msiniambie mngekataa.

Kurudi

Safari ya kurudi sina cha kusimulia, nilikumbatia kopo la vielelezo kutoka Sumbawanga mpaka hapa, sikusinzia. Vipande vikaenda kusomwa. Majibu yakachukua muda wake, yakaja, nikayalinganisha na ya ule wa kwanza herufi kwa herufi. Hayakuwa hata na udugu wa karibu. Vile vikombe vitatu ni uyoga wa samadi, unaojulikana siku nyingi, una jina lake na unaota nchi nyingi tu. Rangi moja, umbo moja, ncha za buluu zilezile, na si wenyewe. Wa Gaudensia umebaki kipande kikavu kwenye bahasha yake, na kipande hakipewi jina.

Jumapili moja nilimpigia mama nikamwambia. Nilisema moja kwa moja, "Mama, si wenyewe. Samahani." Akasema, "Basi mwakani, mwalimu."

Lakini mwakani hakuna. Ambakisye aliniambia kwamba matuta ya mwaka huu jumuiya ndiyo waliomsaidia kuyapiga, kwa ajili ya msiba, na kwa ajili yangu. Kifua cha mama hakiwezi tena jembe la namna ile. Kuanzia sasa shamba litalimwa kwa plau ya ng'ombe, tambarare, mbolea ya mfuko. Na mashamba ya jirani tulishayapekua, hayana kitu.

Sasa Jumapili iliyopita mama kanipigia mwenyewe. Mvua zimeanza, matuta yote yamebomolewa, mahindi yamepandwa. "Ila moja nimeliacha, mwalimu," akasema. "Katikati ya shamba. Sijalipalia, sijaligusa. Ng'ombe wa plau wanalizunguka. Watu wananicheka, wanauliza nimezika nini pale. Safari hii utakuta kama ulivyotaka."

Uyoga ule unataka tuta jipya, marafiki zangu. Unataka nyasi mbichi ambazo ndiyo kwanza zinaanza kuoza. Tuta la msimu uliopita limeshatulia ndani, halitatoa kitu, hata akilikalia miaka. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo na nikashindwa. Nikatafuta neno la kumfanya aache tu, alibomoe, apande mahindi yake, apumzike. Nikasema, "Mama, usijisumbue."

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya shambani. "Nimekuelewa, mwanangu," akasema.

Jana Ambakisye amenitumia picha. Wanawake wa jumuiya wamekuja tena, wamelizungushia lile tuta uzio wa miiba, na wamelijengea kibanda cha nyasi lisipigwe na jua.